Ng'ombe wa Jiwe la Kuagia

Hapo zamani, kabla mimi na wewe hatujapewa majina, kulikuwa na mlima ukiitwa Kishengwa, na mlima huo ulikuwa na vitu vitatu vya kutazamwa. Sogeeni karibu. Atakayesinzia ndiye nitakayemwuliza swali.

Cha kwanza kilikuwa maporomoko. Maji yalianguka kutoka juu kabisa, meupe kama maziwa yanayomiminwa, na jua likipiga, upinde wa mvua ulisimama mle ndani kama mgeni aliyealikwa. Mwenye maporomoko alikuwa Mzee Senkondo, mkuu wa ukoo mkubwa, mtu ambaye akipiga chafya hungoja kwanza aombewe afya ndipo afute pua.

Cha pili kilikuwa kidimbwi cha maji ya uvuguvugu. Hakikuwa kikubwa kuliko kitanda, na vyura walikizoea. Mwenyewe alikuwa Nanzia, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kulala.

Cha tatu kilikuwa pango. Ndani ya pango mlikuwa na jiwe, ukiligonga linalia kama ngoma ya harusi. Lakini kulifikia jiwe hilo ilikubidi utambae juu ya mavi ya popo, na popo wenyewe wako juu yako, na popo hawana adabu. Mwenye pango alikuwa Kadeghe, mtu wa hasira za karibu, ambaye ukoo wake ulikuwa umehamia pale baada ya koo nyingine zote.

Aliyewatembeza wageni aliitwa Nakundwa. Alikuwa mke wa kaka yake Nanzia, kwa hiyo wawili hao walikuwa mawifi, na mnajua wenyewe mawifi wanavyopendana. Mume wa Nakundwa alishuka tambarare kutafuta chumvi na alikuwa hajarudi. Yeye alibaki na mtoto mgongoni, Nambua, ambaye meno yalikuwa bado hayajamtoka. Homa ilikuwa imempitia Nakundwa na kumkausha maziwa kifuani. Mtoto akinyonya, anapata hewa. Akilia, mama anampa uji mwembamba, na uji mtupu kwa mtoto mchanga ni kama hadithi ya chakula, si chakula.

Sasa, watu wa Kishengwa walikuwa na mwiko mmoja. Mgeni hakuruhusiwa kusifu kitu mbele ya mwenyewe. Walisema sifa ya nyumbani inaleta kijicho. Msifu ng'ombe zizini, kesho kutwa chuchu zimekauka. Msifu mtoto, jioni anaharisha. Kwa hiyo mgeni alitazama na kufunga mdomo, akatembezwa kote, mpaka afike mpakani, penye jiwe refu lililoitwa Jiwe la Kuagia. Hapo ndipo alipoulizwa, "Mgeni wetu, unakumbuka nini?" Na alilolikumbuka, hilo ndilo alilolisifu, na zawadi yake akampa mwenye kitu hicho.

Na walikuwa na desturi nyingine. Mkubwa hutangulia. Mkubwa hunawa kwanza, hula kwanza, hutembelewa kwanza. Kwa hiyo kila mgeni alipelekwa kwanza kwa Senkondo, halafu kwa Nanzia, na mwisho kwa Kadeghe.

Matokeo yake mtayakisia. Mgeni anafika mpakani ana mavi ya popo mpaka kwenye nyusi. "Unakumbuka nini, mgeni wetu?" "Popo!" anajibu, anatema mate, anaondoka na zawadi yake. Kule tambarare watu wakauita Kishengwa mlima wa mavi. Miaka ikapita, hakuna aliyepata hata kuku.

Basi ikaja habari kwamba Mama Mfalme anapanda. Naam, aliyemzaa mfalme wa nchi ya bondeni, na zawadi anayokuja nayo ni ng'ombe wa maziwa pamoja na ndama wake. Mlima mzima ukaanza kufagia.

Nakundwa aliposikia neno maziwa, moyo ulimruka. Alimfunga Nambua mgongoni akaenda kwa Mzee Senkondo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema upesi, napanga mawe ya njia."

"Mzee, ukipewa yule ng'ombe, utanipa kibuyu cha maziwa kwa ajili ya mtoto?"

Senkondo alicheka mpaka ndevu zikatikisika. "Nikianza kunyonyesha watoto wa watu, wajukuu zangu watanyonya nini? Nenda, binti."

Nakundwa hakwenda. Aliuliza tena, kwa sauti ndogo, "Na mzee ungekubali safari hii mgeni aje kwako mwisho?"

"Mwisho? Mimi? Nimekuwa kitinda mimba wa mlima huu? Toka!"

Akatoka. Akaenda kwa Kadeghe.

"Hodi, shemeji. Ukipewa yule ng'ombe, utanipa kibuyu cha maziwa kwa ajili ya mtoto?"

"Njoo ukamue popo," alisema Kadeghe. "Wana chuchu pia, nimeziona."

Akaenda kwa Nanzia. Akamkuta amelala. Akamwamsha.

"Wifi, ukipewa yule ng'ombe, utanipa kibuyu cha maziwa kwa ajili ya mtoto?"

Nanzia alipiga mwayo mrefu. "Tutaona, wifi yangu."

Neno "tutaona" si ahadi. Lakini kwa mtu aliyetoka kufukuzwa na kutukanwa, "tutaona" ni kama mkono ulioshikwa. Nakundwa alirudi nyumbani akifikiri.

Nambua siku hiyo alikuwa na tumbo, na mama yake alimpa maji ya mwarobaini. Mtoto alikunja uso wote. Kisha Nakundwa akamlambisha uji, ule ule mwembamba usio na kitu, ule ambao mtoto alikuwa akiutema kila asubuhi. Mtoto akaunywa, akataka tena, akalamba kijiko. Nakundwa akamtazama, akatazama kijiko, akatazama bakuli la mwarobaini.

"Ehee," alisema peke yake. "Kumbe."

Kesho yake akapita tena kwa Kadeghe, akijifanya ana haraka.

"Shemeji, nimekuja kukuambia tu, Mama Mfalme nitamleta kwako mwisho kama kawaida. Baada ya kidimbwi cha vyura."

"Baada ya nini?"

"Cha wifi yangu. Yule anayelala. Yeye ni wa pili, wewe ni wa mwisho. Ndiyo desturi, shemeji, au umesahau? Nyie si mlikuja juzi?"

Kadeghe aliruka kama aliyekanyaga siafu. "Sisi tulikuja juzi? Babu yangu kazikwa hapa! Mimi nitanguliwe na vyura? Utamleta kwangu wa pili, au ukipita njia hii tena nitakufungulia popo!"

"Basi shemeji, usikasirike," alisema Nakundwa kwa upole. "Kama unataka hivyo, mimi ni nani?"

Akamwendea Nanzia kumwambia amekuwa wa mwisho. Akadhani atagombana naye. Nanzia akafungua jicho moja tu. "Kwa hiyo mtachelewa kufika?"

"Tutachelewa, wifi."

"Afadhali," alisema Nanzia, akafumba jicho.

Siku ikafika. Mama Mfalme alikuwa bibi mkubwa wa mwili, mwenye magoti mabovu na kicheko kizuri. Ng'ombe na ndama walipelekwa kumngoja kwenye Jiwe la Kuagia, naye akasema, "Haya mwanangu, nitembeze, na nikianguka usicheke kabla yangu."

Nakundwa alimpeleka kwanza kwenye maporomoko. Ilikuwa asubuhi na jua ndiyo kwanza limetokeza. Upinde wa mvua ulisimama. Mama Mfalme alitazama juu, akatazama chini, akainua mikono yote miwili akajiziba mdomo, maana neno lilikuwa linatoka na mwiko aliujua. Machozi yakamtiririka juu ya vidole. Mzee Senkondo aliyaona machozi hayo, akageuka kando ili asionekane anatabasamu.

Kisha wakaenda pangoni. Hapo niseme kidogo tu, maana kuna wanaokula. Mama Mfalme alitambaa. Alikwama mlangoni, akasukumwa na Nakundwa kwa nyuma, akavutwa na Kadeghe kwa mbele. Popo mmoja aliingia kwenye kilemba akakataa kutoka. Aliligonga lile jiwe, nalo lilitoa sauti tamu kweli, lakini popo wote waliamka kwa sauti ile, na wote walikuwa wamekula mapera. Mama Mfalme alipotoka nje hakuwa na rangi ya nguo yake. Kadeghe alimuaga kwa fahari. "Hili hutalisahau, Mama."

"Hilo nakubali," alisema Mama Mfalme, kisha akajiziba mdomo na pua kwa pamoja.

Wakafika kwa Nanzia jua limekwisha kuinama. Nanzia alikuwa hata hajafagia. Lakini alipomwona bibi yule, alivyo na anavyonuka, alicheka mpaka akakaa chini. Mama Mfalme naye akacheka. Nanzia alimvua nguo, akamtumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu, akachukua dodoki akamsugua mgongo, akamsugua miguu, akamkanda yale magoti mabovu. Vyura waliwaacha wawili hao peke yao. Mama Mfalme alifumba macho akatoa mguno ambao haukuwa sifa wala haukuwa neno, kwa hiyo mwiko haukuvunjika.

Kutoka pale hadi mpakani ni mteremko mfupi. Watu wote walikuwa wamekusanyika kwenye Jiwe la Kuagia. Ng'ombe alikuwa amefungwa, ndama pembeni yake. Mama Mfalme aliikamata kamba.

"Mgeni wetu," waliuliza wote kwa pamoja, "unakumbuka nini?"

"Yale maji ya moto!" alisema Mama Mfalme bila kungoja. "Jamani, yale maji! Siku nikifa, niogesheni mle. Mlima huu una raha ambayo sikuijua. Na kule chini wanauita mlima wa mavi, wajinga wale!"

Senkondo alisogea. "Na maporomoko, Mama?"

"Maporomoko?" Mama Mfalme alikunja uso akitafuta. "Ehe, yale ya asubuhi. Mazuri, mazuri pia. Kulikuwa na baridi."

"Kulikuwa na baridi!" Senkondo alishika Jiwe la Kuagia asianguke.

Mama Mfalme alinyoosha kamba kumpa Nanzia. Nakundwa alisogea mpaka pembeni ya wifi yake, akamnong'oneza, "Kibuyu changu, wifi."

"Kibuyu gani?"

"Ulisema tutaona."

"Basi nimeona," alisema Nanzia, "na naona ng'ombe mmoja na watoto wangu ni wengi."

Nambua alianza kulia mgongoni. Nakundwa, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kusema mbele za watu, alihisi ulimi unajisogeza wenyewe. Lakini kabla haujafika mdomoni, Senkondo alikwisha kupaza sauti.

"Mama Mfalme, naomba nisikilizwe! Na nisikilizwe kwanza, maana mimi ndiye mkubwa."

"Sema, mzee."

"Ulipoona maporomoko yangu ulijiziba mdomo. Kwa mikono miwili! Ulilia. Watu waliona. Nani hujiziba mdomo kwa beseni la maji ya vyura? Jicho lako lilichagua asubuhi, na lilichagua likiwa halijachoka wala halijachafuka. Ulichokumbuka jioni ni magoti yako tu. Ng'ombe apewe aliyekutoa machozi, asipewe aliyekutoa mavi."

Watu walipiga vigelegele. Mama Mfalme alitikisa kichwa taratibu. "Kweli, nililia. Nakumbuka sasa. Una haki, mzee. Shika kamba."

Senkondo akaishika kamba. Kadeghe akairukia.

"Ngoja kwanza! Mama, nikuulize. Ungetoka kwenye maporomoko ukaenda moja kwa moja kwa Nanzia, ukiwa msafi, unanukia, ungeyaonaje maji yake?"

Mama Mfalme alifikiri. "Ningesema ni kidimbwi."

"Kidimbwi! Nani aliyekifanya kiwe raha? Ni mimi! Uchafu wangu ndio chumvi ya mboga yake. Nimekuwa nikidharauliwa miaka yote, na leo mlima umesifiwa kwa mara ya kwanza, na umesifiwa kwa ajili ya popo wangu. Halafu, jiwe langu halikulia vizuri?"

"Lililia vizuri," alikiri Mama Mfalme. "Haki ya Mungu, lililia. Mpe kamba, mzee."

Kamba ikaenda kwa Kadeghe. Nanzia alikuwa amekaa chini. Aliinuka kwa taabu.

"Mama, mimi sina maneno mengi, usingizi umenishika. Mtu akikuchafua na mtu akakusafisha, shukrani anapewa nani? Kadeghe akimpiga mtoto kofi, na mimi nikambembeleza, Kadeghe adai kwamba kubembeleza ni kwake? Mikono hii ndiyo iliyoshika dodoki. Magoti yale aliyakanda nani, popo? Na desturi inasema nini? Mgeni husifu kwenye jiwe. Kwenye jiwe umesema maji ya moto. Hukusema kingine."

"Kweli kabisa!" alisema Mama Mfalme, akishika magoti yake. "Mpe kamba, Kadeghe."

Kamba ikarudi kwa Nanzia. Hapo ndipo Nakundwa alipotoka mbele. Alikuwa anatazama chini, na sauti yake ilikuwa ndogo hata watu wakalazimika kunyamaza ili waisikie.

"Mama, maporomoko yapo tangu zamani. Popo wapo. Maji ya moto yapo. Wageni wamekuja miaka mingi, wakaona vitu hivi hivi vitatu, wakaondoka wanatema mate. Leo kilichobadilika ni nini? Hakuna tone lililoongezeka. Niliyebadilisha ni mimi. Nilikutoa kwenye uzuri nikakupeleka kwenye uchafu nikakumalizia kwenye raha. Ningekupeleka kwa mpango wa zamani, sasa hivi ungekuwa unanuka, umekasirika, na ng'ombe anarudi bondeni. Hawa watatu wanagombania ng'ombe niliyemleta mimi. Na mwanangu hana maziwa."

Nambua alinyamaza. Mama Mfalme alimtazama mtoto, akamtazama mama, macho yakamlowa kuliko asubuhi.

"Wewe!" alisema. "Ni wewe! Shika kamba, mwanangu."

Nakundwa alishika kamba. Ilikuwa na joto la mikono ya watu watatu. Alikwisha kugeuka kwenda zake, ng'ombe anamfuata, wakati Senkondo alipopiga fimbo chini.

"Simama! Huyu alikutembeza kwa hila! Alijua, na hakutuambia!"

"Nilikuuliza, mzee, kama ungekubali kuwa wa mwisho. Ulinifukuza."

"Hukuniambia kwa nini!"

"Hukuniuliza."

"Na mimi alinitia hasira makusudi!" alipiga kelele Kadeghe. "Kiongozi wa wageni ni wa mlima wote, anawezaje kuuchezea mlima?"

"Nilisema uongo gani, shemeji? Nilisema wewe ni wa mwisho, na kweli ulikuwa wa mwisho. Nilisema mlikuja juzi kwa kuuliza tu."

Watu wakaanza kucheka. Lakini Senkondo hakucheka. Alikuwa anatazama kamba, anamtazama Mama Mfalme, na kitu kilikuwa kinamjia pole pole.

"Mama," alisema, "niliposema mimi, ulinipa mimi. Aliposema Kadeghe, ulimpa Kadeghe. Aliposema Nanzia, ulimpa Nanzia. Sasa huyu amesema mwisho, na kamba iko kwake. Mama, wewe unampa anayesema mwisho!"

Mama Mfalme alijishika kifua. "Mimi?"

"Wewe! Basi nataka tuseme tena."

"Haya," alisema Mama Mfalme, "mseme tena. Anza wewe, mzee, wewe ndiye mkubwa."

Na hapo, jamani, ndipo jambo ambalo halijawahi kutokea Kishengwa lilipotokea. Mzee Senkondo alirudi nyuma hatua nzima. "Mimi? Hapana. Kadeghe aanze."

"Nianze mimi? Sisi si tulikuja juzi? Aanze Nanzia."

"Mimi nimelala," alisema Nanzia, na akafumba macho akiwa amesimama. "Aanze wifi."

Nakundwa alifunga midomo, kamba mkononi, akamtazama ndama. Ndama peke yake hakuwa na la kusema, na kwa kuwa hakuna aliyemzuia, alikuwa amekwisha kuingiza kichwa chini ya mama yake. Ananyonya. Anavuta, anasukuma kwa kichwa, anavuta. Nambua mgongoni alisikia mlio ule, akaanza kulia upya.

"Semeni!" alisema Mama Mfalme. "Maziwa yanakwisha!"

Koo zote za Kishengwa, zilizopigana vizazi na vizazi kuwa za kwanza, zilisimama pale kila moja ikingoja kuwa ya mwisho.

Mama Mfalme aliichukua kamba mkononi mwa Nakundwa, akaifunga kwenye Jiwe la Kuagia. "Mimi sijiamini tena," alisema. "Jicho langu la asubuhi linasema hili, magoti yangu ya jioni yanasema lile, na sikio langu linamfuata aliyenong'ona sasa hivi. Aje mtu ambaye hakuona maporomoko, hakutambaa na popo, wala hakuogeshwa na mtu. Huyo ndiye aamue." Akashuka zake bondeni, na mpaka anapotea kwenye kona alisikika anacheka.

Mtu huyo ni nani, kama si ninyi mliokaa hapa? Maporomoko hamkuyaona. Popo hawakuwanyea. Dodoki halikuwagusa. Fanyeni haraka tu, ndama bado ananyonya na mtoto bado analia.

Je, nani alistahili kuifungua kamba: aliyemtoa mgeni machozi, aliyemchafua, aliyemsafisha, au aliyempangia njia? Na wewe unayetaka kusema "Nakundwa," niambie kwanza: ni kwa kuwa ana haki, au ni kwa kuwa nimemtaja mwisho?